Umeme Safi si Anasa ya Matajiri



Liko neno linalotembea katika mji wetu wa Goma, nalo husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumaliza kufikiri. Husema hivi: "Nishati safi ni anasa ya Wazungu. Wao walichoma makaa ya mawe na mafuta kwa miaka mia mbili, wakatajirika. Leo wameshiba, nao wanatuambia sisi wenye njaa tusiguse yaliyo chini ya ardhi yetu. Tuacheni kwanza tuchimbe, tuuze, tule. Habari za mazingira zitafuata." Neno hili tumelisikia redioni, tumelisikia mikutanoni, tumelisikia hata uani mwa kanisa baada ya Misa. Vijana wengi hulipokea upesi kwa sababu linafanana na haki. Sisi tunakusudia kulipinga hapa, na tutalipinga kwa hesabu wala si kwa hasira. Maana neno linalofanana na haki, lakini mwisho wake ni kumwacha maskini katika giza lile lile, halistahili kupigiwa makofi kabla ya kupimwa.

Deni ni la kweli

Tuanze kwa kukubali lililo kweli ndani yake. Bara zima la Afrika hutoa chini ya sehemu 4 katika 100 za hewa ya ukaa inayotolewa duniani kila mwaka. Mama wa Kanyaruchinya anayepika kwa makala na kulala na taa ndogo ya tochi hakuiharibu hali ya hewa ya dunia. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitambua waziwazi kwamba nchi za Kaskazini zina deni la kiikolojia kwa nchi za Kusini. Basi deni lipo, na mwenye kudai adai. Hatuna ugomvi na mtu anayedai haki ya Afrika mbele ya mataifa makubwa.

Lakini kudai deni ni jambo moja, na kuiga kosa la mdaiwa ni jambo jingine. Mtu akichoma shamba lako, utamdai fidia. Hutachoma na nusu iliyobaki ili mlingane. Wale wasemao "mafuta kwanza" wanachanganya mambo haya mawili. Wanaanza na haki ya kudai, ambayo ni kweli, halafu wanaturusha hadi kwenye faida ya kuchimba, ambayo haijathibitishwa. Hapo ndipo tunapowasimamisha na kuwauliza: mafuta yamemfaidi nani?

Mafuta yamemfaidi nani?

Nchi yetu si mgeni wa mafuta. Yamekuwa yakichimbwa Muanda, kwenye pwani ya Atlantiki, tangu mwaka 1975. Ni karibu nusu karne sasa. Mafuta ghafi hupakiwa melini yakaenda zake. Petroli tunayoichoma sisi huku mashariki hutoka ng'ambo. Hushushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, ikapandishwa malori, ikavuka mpaka baada ya mpaka, hadi ifike katika bidoni na chupa za wale vijana wanaouza kando ya barabara, ambao watu wamezoea kuwaita "kadhafi". Kila mpaka una kodi yake, na kila kizuizi kina mkono wake ulionyoshwa. Yote hayo huongezwa juu ya bei, na anayelipa mwishoni ni mteja wa Goma. Kama kuwa na mafuta chini ya ardhi kungekuwa mlango wa neema kwa wenyeji, Muanda ungekuwa mji wa kutamaniwa. Je, ni nani kati yetu aliyewahi kumwona kijana wa Goma akifunga safari kwenda Muanda kutafuta maisha?

Hoja hii si ya mbali nasi. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979, ilipimwa kwa ajili ya mafuta mbele ya macho yetu. Kampuni ya SOCO ya Uingereza ilifanya vipimo katika Ziwa Eduard, kisha mwaka 2014, baada ya kelele za wananchi na za ulimwengu, ikakubali kujiondoa. Mwezi wa Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilifungua mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, na baadhi ya vitalu hivyo viligusa ardhi ya hifadhi. Mwezi wa Oktoba 2024 mnada wa vitalu vya mafuta ulifutwa, kwa kuwa wanunuzi wa kufaa hawakujitokeza vya kutosha. Mnada ulifutwa, lakini hoja iliyouzaa haikufutwa. Bado inatafuta vijana wa kuibeba.

Tazameni basi kile kinachowekwa rehani. Vitshumbi na Nyakakoma ni vijiji vya wavuvi kwenye Ziwa Eduard. Samaki wa huko wamelisha familia, wamelipa karo za watoto, wamefika hadi masoko ya Butembo na Goma. Ziwa hulisha kila siku kwa muda usio na mwisho, mradi lisiharibiwe. Kisima cha mafuta hutoa kwa miaka kadhaa, kisha hukauka. Na mafuta yakimwagika ziwani siku moja tu, mvuvi hatapewa ziwa jingine. Mtu akiwaambia mbadilishane kitu kisicho na mwisho kwa kitu chenye mwisho, na tena fedha zake zipitie Kinshasa kabla ya kurudi Rutshuru, hapo mjue kwamba hesabu haikufanywa kwa ajili yenu.

Mto haulipi kodi

Sasa tufike kwenye neno lenyewe, "anasa". Kitu cha anasa ni kile kilicho ghali na kisicho cha lazima. Tuulize kwa ukweli: hapa Goma, kilicho ghali ni kipi? Mwenye mashine ya kusaga anayetumia jenereta hununua petroli au dizeli kila asubuhi kabla hajasaga hata kilo moja. Fundi wa kuchomelea vyuma, kinyozi, mwenye duka la kuuza maji baridi, wote wanajua jinsi jenereta inavyokula mtaji. Barabara ikifungwa, bei hupanda. Dola ikipanda, bei hupanda tena. Jenereta ndiyo anasa inayolazimishwa kwa maskini.

Mto Rutshuru haulipi kodi mpakani kabla ya kufika kwetu, wala haununuliwi kwa dola. Tangu Desemba 2015 maji yake huendesha mitambo ya Matebe, yenye megawati 13 na zaidi. Maji huingia, huzungusha, hutoka, yakaendelea na safari yake, hakuna kilichochomwa. Kabla ya hapo, mwaka 2013, kituo kidogo cha Mutwanga, chini ya Milima ya Rwenzori, kilikuwa kimekwisha kuanza kwa kilowati 400 hivi. Kwa umeme huo mdogo kikafunguliwa kiwanda cha sabuni kinachotumia mafuta ya mawese ya wakulima. Mawese ambayo zamani yaliuzwa ghafi kwa bei ya hasara yakaanza kugeuzwa bidhaa papo hapo. Baadaye kikaja kituo cha Luviro, katika teritwari ya Lubero. Na hapa mjini, katika kata ya Ndosho, kampuni ya Nuru, iliyoanzia Beni, iliwasha mwaka 2020 mtambo wa jua wenye megawati 1.3, pamoja na betri zake. Ndosho si mtaa wa matajiri. Kila mmoja wetu aliyepita huko anajua hivyo.

Wala tusiseme kwamba mambo haya ni mapya kwetu. Kituo cha kwanza cha Ruzizi, pale maji ya Ziwa Kivu yanapotoka karibu na Bukavu, kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, nacho kimeangazia Bukavu na sehemu ya Goma tangu wakati wa babu zetu. Yaani umeme wa kwanza ambao wazee wetu waliujua ulitoka majini. Jenereta ndiyo mgeni aliyeingia baadaye, mitambo ilipozeeka na utunzaji ulipoachwa.

Majirani nao watufundishe. Kenya hupata karibu sehemu 9 katika 10 za umeme wake kutoka mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Huko Olkaria, ndani ya Bonde la Ufa, mvuke umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981. Ethiopia, ambayo hakuna mtu atakayeiita nchi tajiri, ilipiga marufuku mwaka 2024 kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Haikufanya hivyo ili kumfurahisha Mzungu. Ilichoka kutumia fedha zake za kigeni kununua mafuta wakati mito yake inatoa umeme. Nchi maskini imepiga hesabu na kuona kwamba petroli ndiyo inayoifukarisha. Basi "anasa ya matajiri" iko wapi?

Mji wa tshukudu

Kuhusu usafiri, watu wa Goma ndio wangepaswa kuwa wa mwisho kushangaa. Kwenye mzunguko wa barabara mjini kwetu imesimama sanamu ya mtu na tshukudu yake. Baiskeli hiyo ya mbao isiyo na pedali ilibuniwa na mikono ya watu wa nchi hii, nayo imeteremsha viazi na kabichi kutoka Kibumba bila tone la petroli. Hatusemi kwamba vijana warudi wote kwenye tshukudu. Kazi yake ni ngumu, huvunja mgongo, na mwenye kuisukuma mlimani anastahili kupumzika. Tunasema tu kwamba mji uliomjengea sanamu mtu huyo hauwezi kuambiwa kuwa safari bila petroli ni ndoto ya kigeni.

Leo wengi wa vijana wetu ni wamotari. Wanajua vizuri kuliko mwalimu yeyote kiasi gani cha pato la siku humezwa na tangi. Ng'ambo ya mpaka, mjini Kigali, pikipiki za umeme zimekuwa zikibeba abiria tangu mwaka 2019. Dereva hakai kusubiri betri ijae. Hufika kituoni, hutoa betri iliyoisha, huweka iliyojaa, akaendelea na kazi. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, pikipiki mpya za abiria zinazoandikishwa mjini humo ni za umeme tu. Mmotari wa Goma na mmotari wa Kigali ni ndugu wa kazi moja. Kwa nini mmoja afanyie kazi tangi, na mwingine aambiwe kwamba jambo hilo haliwezekani kwa Mwafrika?

Pingamizi tatu

Wako watakaotujibu kwa hoja nzito zaidi, nasi hatutazikwepa.

La kwanza ni vita. Watasema: "Mwezi wa Januari 2025 mapigano yalikata nyaya, mji ukawa gizani, pampu zikanyamaza, watu wakateka maji ya ziwa wakihofia kipindupindu. Mnawezaje kutegemea umeme wa namna hiyo?" Kilio hicho ni cha kweli, tulikuwemo. Vilevile lava ya Nyiragongo, tarehe 22 Mei 2021, ilipita juu ya nguzo na nyaya. Lakini tuangalie vizuri kilichokatika. Kilichokatika ni uzi mmoja mrefu uliobeba uhai wa mji mzima. Petroli nayo huja kwa uzi mmoja mrefu, nao ni barabara. Na ni nani asiyejua jinsi barabara zetu zinavyofungwa? Jibu la vita si kurudi kwenye jenereta. Jibu ni kuwa na vyanzo vingi vidogo vilivyo karibu na watu. Jokofu la chanjo lenye paneli zake juu ya paa la kituo cha afya haliulizi nguzo imeangukia wapi. Jua halipiti kwenye kizuizi.

La pili ni gesi ya Ziwa Kivu. Watasema: "Basi tuchome gesi, maana tunayo." Hapa tuseme kwa uangalifu. Katika kina cha ziwa letu zimelala kilomita za ujazo karibu 60 za methani, pamoja na hewa ya ukaa iliyo nyingi kuliko hiyo. Ziwa dogo la Nyos, huko Kameruni, lilitapika hewa ya ukaa mwaka 1986, na watu zaidi ya 1,700 wakafa katika usiku mmoja. Kwa hiyo kuitoa gesi ya Kivu kwa hekima ni pia kupunguza hatari. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt umekuwa ukiitumia tangu mwisho wa mwaka 2015, ukizalisha megawati 26. Hatulingani na wale wanaoikataa kabisa. Lakini gesi inayochomwa si safi kama maji na jua, nayo isitumiwe kama hirizi ya kuhalalisha visima vya mafuta Virunga. Ikitolewa, itolewe chini ya macho ya wataalamu wa pande zote mbili za ziwa, na umeme wake uanzie kwa watu wanaoishi juu ya hatari hiyo.

La tatu ndilo linalotuuma zaidi: betri. "Mnasifu pikipiki za umeme," watasema, "na betri hutengenezwa kwa kobalti ya Kolwezi, iliyochimbwa na watoto." Ni kweli kwamba zaidi ya theluthi mbili za kobalti yote ya dunia hutoka katika ardhi ya Kongo, na ni kweli kwamba watoto wameonekana mashimoni. Hatutafumba macho ili hoja yetu ipendeze. Lakini tusidanganywe pia. Betri nyingi za leo, hasa za pikipiki na za kuhifadhi umeme wa jua, hutengenezwa kwa chuma na fosfati bila kobalti hata chembe. Tena viwanda vinavyosafisha mafuta ya petroli hutumia kobalti kuondoa salfa; mwenye kujaza tangi asijione kuwa hana mkono katika shimo hilo. Dhuluma ya Kolwezi haitaponywa kwa kuchimba Virunga. Itaponywa mtoto akirudishwa shuleni, baba yake akilipwa haki yake, na madini yakifanyiwa kazi hapa nchini kabla ya kupanda meli.

Umeme unaopita juu ya maskini

Hata hivyo, ndugu vijana, tusipige vigelegele mapema. Tukiwashinda wenye hoja ya mafuta, bado tutakuwa na shauri na wenye umeme safi. Maana upo umeme usio na moshi ambao bado una dhambi.

Angalieni Inga. Mabwawa mawili ya mto Kongo, la mwaka 1972 na la mwaka 1982, hayachomi kitu. Waya ukavutwa kutoka huko hadi Katanga, kilomita 1,700 hivi, ili migodi ipate nguvu. Waya huo ulipita juu ya vijiji vya Bandundu na Kasai, na vijiji hivyo vikabaki gizani, watoto wakisoma kwa kibatari chini ya nguzo za chuma. Umeme ulikuwa safi kwa hewa. Kwa haki haukuwa safi. Hata leo, katika nchi yenye mto wenye nguvu kuliko mito yote ya Afrika, ni mtu mmoja tu kati ya watano hivi anayepata umeme.

Hapa Goma tunaona sura ya jambo hilo hilo. Nyumba za ghorofa kando ya ziwa zinang'aa. Hatua chache juu, kwenye mawe meusi ya lava, familia inatazama waya unaopita juu ya mabati yake. Gharama ya kuunganishwa, hata ikiwa ndogo machoni pa mwenye mshahara, ni mlima kwa mwanamke anayeuza ndizi. Hapo wengine huunganisha kwa wizi, na nyaya mbovu zikaua watoto na kuchoma nyumba. Tena sufuria bado inakaa juu ya makala, na makala mengi hutoka katika msitu ule ule wa Virunga tunaotaka kuukinga. Hatuwezi kumwambia mama aache makala kwa ajili ya sokwe wa mlimani, huku bei ya umeme ikimzuia hata kuwasha taa.

Kwa hiyo tunadai, na tunawaomba mdai pamoja nasi, mambo mawili kwa wazalishaji wote wa umeme na kwa viongozi wote wenye amri juu yao. Kwanza, ada ya kuunganishwa ilipwe kidogo kidogo, kama watu wanavyochangiana katika likelemba. Pili, kipimo cha kwanza cha umeme, kile cha taa, simu na redio, kiwe na bei ambayo maskini anaiweza, na anayetumia mwingi ndiye alipe zaidi. Bila haya, wenye hoja ya mafuta watapata sababu ya kutucheka, na watakuwa na haki.

Nani atauvuta moshi huu?

Mwezi wa Juni 2025, huko Roma, kijana wa mji huu alitangazwa Mwenyeheri. Floribert Bwana Chui alifanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisipite, akauawa mwaka 2007 akiwa na miaka 26. Nguvu ya kukataa kwake ilikuwa katika swali dogo: chakula hiki kitaliwa na nani? Wenye mali hawakuwa wale wa kukila. Tunawaalika muulize swali la namna hiyo mbele ya kila mpango wa nishati: moshi huu utavutwa na nani? Mafuta yakimwagika, nani hatakuwa na samaki? Waya huu utapita juu ya nani? Mkiuliza hivyo, maneno makubwa ya "maendeleo" yatajieleza yenyewe, na mengine yatanyamaza.

Nanyi msibaki kuuliza tu. Kila kikundi cha vijana kifanye hesabu ya petroli inayonunuliwa kwa mwaka kwa ajili ya jenereta ya parokia, ya shule na ya vipaza sauti vya sikukuu, kisha kiilinganishe na bei ya paneli na betri, na kupeleka hesabu hiyo kwenye baraza la parokia kwa heshima na kwa namba. Wenye mikono ya ufundi wajifunze kazi ya umeme na ya jua, maana paneli isiyo na fundi hufa kabla ya mwaka wa pili. Wenye kukaa karibu na ziwa na mifereji waokote chupa na mifuko ya plastiki. Uchafu tunaoutupa ziwani hukokotwa na maji hadi bwawa la Ruzizi, ukaziba njia za maji na kusimamisha mitambo. Ni aibu mji kulia giza huku mikono yake mwenyewe ikizima taa. Na yule anayejua nyumba iliyounganisha umeme kwa wizi asiwe mpelelezi. Awe jirani, aeleze hatari, asaidie familia hiyo kupata njia ya halali.

Hatuwaambii msubiri amani ije ndipo muanze. Amani tunaiomba kila siku na tunaifanyia kazi. Lakini jua linawaka leo, na mto unashuka leo. Anayewaambia kwamba vitu hivi si vyenu, kwamba ni vya matajiri, mwambieni kwa upole aje aone paneli za Ndosho na sabuni ya Mutwanga, kisha awaonyeshe yeye utajiri wa Muanda.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika familia yako, fedha ngapi hutoka kila mwezi kwa petroli, makala, mishumaa na kuchaji simu? Fedha hizo zinaishia mikononi mwa nani?

2. Ni nyumba zipi katika jumuiya yetu ambazo waya unapita juu yake bila kuingia? Tunaweza kufanya nini pamoja nazo kabla ya mwisho wa mwaka huu?

3. Mtu akisema "mafuta kwanza", ni sehemu gani ya neno lake tutakayoikubali, na ni wapi tutakapomsimamisha?